Kupiga Windo si Kazi ya Mabingwa Tena

Leo nataka tuzungumzie kazi moja ambayo mafundi wetu wa mitaani, pale Kariakoo na kwingineko, huiita "kupiga windo". Kwa lugha ya vitabuni kazi hiyo ni kusakinisha mfumo endeshi, yaani kuiwekea kompyuta ile programu mama inayoiamsha, inayosimamia diski, kioo, kibodi na printa, na ambayo bila hiyo programu nyingine zote hazina pa kukaa. Kompyuta isiyo na mfumo endeshi ni kama basi jipya lisilo na dereva. Injini ipo, viti vipo, lakini safari hakuna.

Huenda mtu akauliza: jambo hilo linanihusu nini mimi ambaye si fundi? Linakuhusu, na nitaeleza kwa nini. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani iliacha kuuhudumia mfumo wake wa Windows 10, uliotolewa Julai 2015. Kompyuta zenye mfumo huo hazikuzimika siku ile. Zinawaka, zinaandika barua na kuchapa risiti kama kawaida. Ila hazipati tena yale marekebisho ya kuziba matundu wanayopitia wezi na virusi, isipokuwa zile ambazo wenyewe wamejiandikisha kupata nyongeza ya muda, ambayo kwa watu binafsi iliwekewa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026.

Sasa mwenye kompyuta ya namna hiyo, awe ni mwenye duka la kuchapa karatasi, mhasibu wa chama cha akiba na mikopo au mwalimu mkuu wa sekondari, ana njia tatu mbele yake. Anunue mashine mpya. Abaki na ya zamani katika hatari. Ama aiwekee mfumo mwingine. Njia hii ya tatu ndiyo rahisi kuliko zote kwa mfuko, na ndiyo inayoogopwa kuliko zote. Wengi wakisikia kubadili mfumo, mwili unawasisimka, wanaona ni kazi ya mabingwa. Hofu hiyo ilikuwa na msingi zamani. Nataka tuipime leo, tuone kama msingi huo ungali upo.

Turudi nyuma kidogo. Kompyuta ndogo ya IBM ilipoingia sokoni mwaka 1981, mfumo wake wa DOS ulikuwa katika disketi. Ulichomeka disketi, ukawasha mashine, nayo ikaamka. Hapakuwa na cha kusakinisha. Taabu ilikuja zilipoenea diski kuu za ndani. Hapo ilibidi mtu aigawe diski katika mafungu, kisha ayasafishe mafungu hayo na kuyapiga mistari ya kuhifadhia, kisha ndipo anakili mfumo wenyewe. Yote hayo yalifanywa kwa amri za kuandika, herufi kwa herufi, mbele ya kioo cheusi ambacho hakikuwa na huruma kwa aliyekosea nukta.

Kwa upande wetu Tanzania kulikuwa na kizuizi kingine. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilikuja kulegezwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo wakati wenzetu wa nchi nyingine wanazizoea mashine hizi, sisi tulizisikia kwa mbali. Zilipoanza kuingia kwa wingi, aliyejua kuziamsha alikuwa mtu mmoja katika ofisi nzima, na alitembea kama daktari.

Agosti 24, mwaka 1995, ikatolewa Windows 95. Ilipatikana katika sidii moja, lakini mashine nyingi za wakati ule hazikuwa na mahali pa kuchomeka sidii, kwa hiyo iliuzwa pia katika disketi 13. Fundi aliketi hapo akiilisha mashine kama mama anayelisha mtoto: toa ya kwanza, weka ya pili, toa ya pili, weka ya tatu. Disketi ilikuwa kitu dhaifu. Vumbi, unyevu, au kukaa karibu na sumaku ya spika, basi imeharibika. Ikiwa ya kumi na moja ilikataa kusomeka, zile kumi za mwanzo zilikuwa zimekwenda bure. Na umeme ukikatika katikati, mwanzo tena.

Mfumo ukishakaa, kazi ilikuwa haijaisha. Zilifuata draiva, zile programu ndogo zinazouelekeza mfumo namna ya kusema na kila kifaa. Kadi ya sauti ilitaka namba yake ya kuitia mashine, na kadi ya mtandao ilitaka yake. Kadi mbili zikipewa namba moja, zilikorofishana kama abiria wawili wenye tiketi ya kiti kimoja. Dawa yake mara nyingine ilikuwa kufungua sanduku la kompyuta na kuhamisha vibanio vidogo, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, kutoka pini hii hadi ile. Windows 95 ilikuja na ahadi ya kuyamaliza hayo kwa kuvitambua vifaa yenyewe. Wakati mwingine ilifaulu, na wakati mwingine haikufaulu.

Waliotaka Linux walikuwa na taabu zaidi. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, nao hugawiwa bure na kila mtu anaruhusiwa kuurekebisha. Hapo mwanzoni ulikuja katika disketi mbili tu, moja ya kuamshia mashine na nyingine yenye mafaili machache, yaliyobaki ukajijengea mwenyewe. Mwaka 1993 Mmarekani Patrick Volkerding akatoa mkusanyiko ulioitwa Slackware, ambao ulijaza disketi kwa makumi, zimepangwa kwa herufi za alfabeti. Ili upate picha na madirisha kwenye kioo, ilibidi umwandikie mfumo kasi ambayo kioo chako huchora mistari yake, kwa tarakimu zinazotoka katika kijitabu cha kioo hicho. Miongozo ya wakati ule ilionya kwamba tarakimu zikikosewa, kioo chenyewe kinaweza kuungua. Hebu fikirini, ndugu wasikilizaji: mtu anaweka programu huku akiogopa kuchoma kifaa cha thamani.

Nini basi kilichobadilika? Wengi husema tu kwamba "teknolojia imekua", wakaishia hapo. Lakini urahisi haukushuka kama mvua. Ulijengwa, tofali juu ya tofali, na nitayataja manne.

Tofali la kwanza ni chombo cha kubebea. Disketi moja ilibeba megabaiti 1.44. Sidii moja ilibeba kama 650, yaani ilifanya kazi ya disketi zaidi ya 400. Leo flashi ya gigabaiti 8, ndogo kuliko kidole gumba, inabeba mfumo mzima na nafasi inabaki. Ile kazi ya kulisha mashine ikafa.

Tofali la pili ni kwamba vifaa vilifundishwa kujitambulisha. Kadi za aina mpya zilizoanza miaka ya 1990, na baadaye vile vifaa vya kuchomeka kwa waya wa USB kuanzia mwaka 1996, hubeba ndani yake namba ya kiwanda na namba ya kifaa. Mfumo huuliza, "Wewe ni nani?" na kifaa hujibu. Zamani swali hilo aliulizwa binadamu, na binadamu hakuwa na jibu.

Tofali la tatu ni draiva kuwekwa ndani ya mfumo wenyewe. Kwa Linux, maelfu ya wataalamu duniani wamekuwa wakiandika draiva na kuzitia katika kiini cha mfumo, hata ukichomeka kifaa, mara nyingi draiva yake tayari imo. Kwa Windows, zisizomo huletwa na mtandao. Na hapa kwetu mtandao wa kutosha kwa kazi hiyo ulianza kusogea baada ya waya wa chini ya bahari wa Seacom kufika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009. Kabla ya hapo, kupakua mfumo mzima kwa simu ya mezani au kwa satelaiti ilikuwa ni ndoto ya mtu mwenye fedha nyingi na subira nyingi.

Tofali la nne ni namna ya kunakili na kuuliza. Windows XP ya mwaka 2001 ilikuwa na tabia ya kuuliza maswali katikati ya safari. Fundi alitoka kwenda kunywa chai akidhani kazi inaendelea, akarudi na kukuta mashine imesimama nusu saa nzima ikisubiri aambiwe iko katika majira ya nchi gani. Kuanzia Windows Vista, iliyoingia madukani Januari 2007, mfumo haukunakiliwa tena faili moja moja. Uliletwa umeshapangwa kama nyumba iliyojengwa tayari, ukakunjuliwa kwenye diski, na maswali yakasukumwa mwanzoni au mwishoni.

Upande wa Linux nao ukaleta jambo ambalo kwa maoni yangu ni kubwa kuliko yote hayo. Mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa mfumo wa Knoppix uliokaa kwenye sidii na kufanya kazi kutoka hapohapo, bila kuigusa diski ya ndani. Mtu aliweza kuonja kabla ya kununua. Oktoba 2004 ikatoka Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, yule aliyesafiri angani mwaka 2002. Jina hilo ni la Kibantu, ndugu yake ni neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa, hadi 2011, waliokuwa nyuma ya Ubuntu walituma sidii zake bure kwa posta kwa aliyeomba, hata huku kwetu. Na kuanzia mwaka 2006, mtu aliweza kuiwasha Ubuntu, kuiona inavyofanya kazi, kisha kubonyeza kitufe kimoja na kuisakinisha huku akiendelea kutumia mashine.

Matokeo yake ni kwamba leo kazi hiyo huchukua muda ambao mara nyingi haufiki saa moja, na maswali yake hayafiki kumi: lugha gani, kibodi gani, nchi gani, jina lako nani, neno la siri lipi. Wala msidhani haya ni ya wenye kompyuta tu. Ninyi nyote wenye simu za kisasa mmeshawahi kubadili mfumo endeshi bila kujua. Simu inasema kuna toleo jipya, unakubali, unalala, asubuhi imeamka na sura nyingine. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu nyingi zina vyumba viwili vya mfumo. Toleo jipya huwekwa katika chumba kisichotumika wakati wewe unaendelea kupiga simu zako, kisha simu ikizimwa na kuwashwa huhamia huko. Likikataa kuwaka, hurudi chumba cha zamani. Kazi iliyomtoa jasho fundi wa mwaka 1995 inafanyika mtu yuko ndani ya chandarua.

Lakini, ndugu wasikilizaji, urahisi nao una bei yake, na sitaki niufiche upande huo.

Bei ya kwanza ni hii. Ugumu wa zamani ulikuwa pia ni ua. Aliyekuwa hajui hakuthubutu kuingia. Leo ua umeondolewa, na katikati ya maswali yale machache lipo swali moja linalouliza kama ufute diski yote. Limeandikwa kwa upole uleule wa maswali mengine, na kitufe chake kina rangi nzuri ileile. Nilipata kufanya kazi katika kituo kimoja cha redio ambako aliitwa fundi kuitengeneza kompyuta ya studio iliyokuwa inasuasua. Fundi akapiga windo, kwa haraka na kwa ustadi, na jioni mashine ilikuwa nyepesi kama mpya. Juma lililofuata mtayarishaji wa vipindi akatafuta mahojiano aliyoyafanya kwa miaka mitatu na wazee wa vijijini. Hayakuwamo. Hapakuwa na nakala mahali pengine, na baadhi ya wazee wale walikuwa wameshafariki. Mashine inaweza kuwekewa mfumo mara mia, lakini sauti ya mzee aliyekwisha kuzikwa haipakuliwi kutoka mtandao wowote.

Bei ya pili ni mamlaka. Anayekurahisishia kazi huamua baadhi ya mambo kwa niaba yako. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, hudai kompyuta iwe na kifaa maalumu cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na iwe na kichakato cha miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel, kimsingi ni kuanzia kizazi cha nane, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Mashine ya mwaka 2015, hata iwe nzima kabisa, imefungiwa mlango. Mafundi wana njia za kuzunguka mlango huo, ila mwenye mfumo haziungi mkono. Tena toleo la nyumbani humtaka mtu awe na mtandao na afungue akaunti kwa kampuni kabla ya kuitumia mashine aliyoinunua kwa fedha zake. Windows 95 ilitaka kumbukumbu ya megabaiti 4, na Windows 11 inataka gigabaiti 4, yaani mara elfu moja zaidi. Kuweka kumekuwa rahisi, lakini mahitaji yamepanda.

Bei ya tatu ni nakala za wizi. Kwa kuwa kupiga windo kumekuwa rahisi, flashi moja yenye Windows iliyovunjwa kufuli huzunguka mtaa mzima. Ile programu ndogo ya kuvunjia kufuli ni mlango maarufu wa kupitishia virusi. Unaokoa gharama ya leseni, halafu neno lako la siri la benki linasomwa na mtu usiyemjua.

Na msije mkadhani kwamba ujuzi wa fundi hauna kazi tena. Tarehe 19 Julai 2024, programu moja ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike ilipokea marekebisho yenye kasoro, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows duniani zikagoma kuwaka. Ndege zilibaki chini, na hospitali na benki zikahangaika. Mashine nyingi hazikuweza kuponywa kwa mbali. Mtu alilazimika kuifikia kila moja, kuiamsha kwa njia ya dharura na kufuta faili moja kwa mkono. Siku ile walitafutwa wale waliojua mashine huamka vipi. Urahisi ni mzuri hadi siku unapokatika, kama maji ya bomba. Mwenye kujua kisima kiko wapi asidharauliwe.

Sasa nirudi kwa yule mwalimu mkuu na kompyuta zake. Tuseme ana kompyuta 20 za mwaka 2014 au 2015, zenye kumbukumbu ya gigabaiti 4. Mtu atakuja kumwambia zimekufa, azitupe, anunue nyingine. Namwomba asikubali haraka. Kompyuta hizo hazijafa. Kilichokwisha ni huduma ya mfumo mmoja. Zinaweza kuwekewa Linux Mint, Xubuntu au Lubuntu bila ada ya leseni, na wanafunzi wakaandika, wakapiga hesabu za jedwali kwa LibreOffice, na wakasoma mtandaoni kwa usalama.

Utaratibu wake si mgumu. Kwanza, nakili kila kitu cha thamani katika diski ya nje, kisha kifungue hapo kuona kama kweli kinasomeka. Usimwamini mtu anayesema "nimeshahifadhi" mpaka uone kwa macho yako. Pili, pakua mfumo kutoka kwa wenyewe, usichukue flashi ya njiani. Tatu, uwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha, ujaribu sauti, mtandao na printa. Nne, anza na kompyuta moja, wala si 20, walimu waitumie kwa majuma mawili. Tano, ndipo uamue.

Nitakuwa mwongo nikisema njia hiyo haina mawe. Ziko programu za uhasibu zinazofanya kazi kwenye Windows tu, na zipo printa zenye ukaidi. Mtu aliyezoea mpangilio fulani kwa miaka kumi atalalamika mwezi wa kwanza. Kama ofisi yako inategemea programu ya namna hiyo, basi mashine hiyo moja inunulie mpya yenye leseni halali, na zile nyingine uziokoe. Hata hivyo uamuzi huo ufanywe kwa hesabu, usifanywe kwa hofu iliyorithiwa kutoka enzi za disketi 13.

Na kwa mafundi wetu nina neno moja. Kupiga windo kama kazi ya kukaa mbele ya mashine na kusubiri kunaelekea kuisha, na mnalijua hilo kuliko mimi. Kazi inayobaki ni ile inayotangulia kitufe, ya kumuuliza mteja nini kimo ndani ya diski yake, kumhifadhia, na kumshauri kwa uaminifu mfumo gani unamfaa. Fundi atakayeuliza swali hilo kabla ya kufuta, huyo ndiye nitakayempelekea kompyuta yangu.

Ndugu wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Kabla ya juma hili kuisha, fungua kompyuta yako uangalie ni ya mfumo gani na mwisho wa huduma yake ni lini. Hiyo ni kazi ya dakika mbili, na haihitaji bingwa. Kwaherini hadi juma lijalo, Mungu akipenda.